Yaya Alijiweka wa Kwanza Kwenye Ruta Niliyopewa Mimi

Admini, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya mtaa wetu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, naishi Likasi, upande wa Panda, pamoja na wazazi wangu na kaka yangu mkubwa. Nimemaliza sekondari mwaka huu na diploma nimeipata. Ni mtu wa haya. Shuleni nikiulizwa swali nilikuwa natazama viatu vyangu. Lakini leo nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na nyumbani hakuna wa kumwambia.

Kuna mahali pamoja tu ninapoongea: kwenye mchezo wa simu wa kupigana kwa timu. Tuko watano, wengine wako Lubumbashi na Kolwezi. Mimi ndiye ninayetangulia kuona adui yuko wapi na kuwaambia wenzangu waende wapi. Napiga kelele, nacheka, natoa amri. Shida ilikuwa intaneti kukwama. Adui anakuja, mimi naganda kama picha, nikizinduka nimeshakufa. Kapiteni wetu, msichana wa Lubumbashi, alinivumilia mpaka akachoka. "Chérie, minakupenda sana," aliniambia, "lakini kila mara unatuacha mu vita siye peke yetu. Tengeneza connexion yako, ao nitatafuta mwingine mbele ya mashindano."

Nilipopata diploma, Papa alinishika kichwa mbele ya wageni akasema, "Mutoto yangu, sema kintu yenye unapenda, nitakupa." Wengine huomba nguo au simu. Mimi niliomba ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Wageni walicheka. Tantine mmoja, shangazi yetu, akasema, "Uyu ataolewa na mashini!"

Sikuchagua kwa kubahatisha. Nikikaa karibu na ruta ya zamani, mchezo ulikwenda vizuri. Nikirudi chumbani kwangu, nyuma ya kuta, ulisita. Na popote nilipokuwa, kaka yangu akianza kupakua filamu, nimekwisha. Kwa hiyo laini haikuwa mbaya, mgawanyo ndio ulikuwa mbaya. Nikatafuta mpaka nikapata ruta yenye nguvu ya kupita kuta, ambayo pia unaweza kuiagiza ihudumie simu ipi kwanza, na wengine wasubiri kidogo tu, hata hawatajua.

Kaka yangu, tunayemwita Yaya, alikuwa anasafiri kwenda Lubumbashi, Papa akamtuma aninunulie. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha na picha. Aliuliza maswali mengi. Nilifurahi, nikadhani ananisikiliza kwa mara ya kwanza.

Aliileta ileile. Mama akaitandikia kitambaa chake cha kufuma, Papa akaiombea, Yaya akaifunga. Na mimi nikaendelea kuganda, tena vibaya kuliko zamani. Timu ikashindwa mechi za mazoezi kwa sababu yangu. Yaya alikuwa anapita mlangoni akinicheka: "Ile njo routeur yako ya akili? Petite, weye haujue kucheza, sema tu!" Nilianza kumwamini. Nililia, nikafikiri labda mikono yangu ndiyo mizito.

Juzi, Yaya akiwa kazini, nilifungua mipangilio ya ruta kwa simu yangu. Neno la siri alikuwa hajalibadilisha, bado limebandikwa chini ya kisanduku. Nikaona alivyopanga. Wa kwanza kuhudumiwa: simu ya Yaya. Yangu ilikuwa ya mwisho, nyuma hata ya televisheni, na juu ya hapo ameiwekea kikomo.

Alikuwa amenielewa vizuri kabisa. Kila neno nililomfundisha alilitumia kunifunga mimi.

Nikapanga upya, simu yangu mbele. Jioni filamu ya Yaya ikasita kidogo tu, akajua, akapiga kelele nyumba nzima. Nilimweleza Papa, nikamwonyesha picha niliyopiga ya mpangilio wa Yaya. Papa alitazama, akanirudishia simu.

"Mais mutoto yangu, Yaya njo mukubwa. Kwa meza, nani anakamata nyama wa kwanza?"

"Ni Yaya, Papa."

"Bon. Juu ya nini kwa internet ikuwe mbalimbali?"

"Lakini Papa, ilikuwa zawadi yangu."

"Mu nyumba yangu hakuna zawadi ya muntu moja."

Yaya alikuwa nyuma yake, anatabasamu.

Nyama! Sawa, Yaya achukue paja la kuku. Tangu nizaliwe nimekula shingo na sijawahi kulalamika. Lakini kuku yule hakuchinjwa kwa diploma yangu. Na Yaya hajawahi kula paja kwa siri huku akiniambia kwamba mimi ndiye sijui kutafuna!

Sasa Papa ameamua: Jumapili baada ya misa nipige magoti mbele ya Yaya, nimwombe pardon kwa kugusa kitu bila ruhusa ya mkubwa. Nikikataa, ruta inahamia chumbani kwa Yaya na neno la siri atakuwa nalo yeye. Nikikubali, Mama ameahidi kumbembeleza Yaya, ambaye ameshajirudisha wa kwanza, aniachie nafasi hiyo saa za mechi. Na mashindano yanaanza Jumapili hiyohiyo jioni. Kapiteni ameshasema, nikiganda tena ananitoa.

"Piga tu magoti, mama," Mama ananiambia, "maneno iishe."

Magoti hayaniumi. Linaloniuma ni lile neno. Nikilisema, nitakuwa nimesema kwa mdomo wangu kwamba aliyefanyiwa ubaya ndiye mbaya, na Yaya atatabasamu tena. Nisiposema, nitakuwa bubu kila mahali, hata kule nilikokuwa na sauti.

Ninyi mnaosoma, hasa dada mliokulia nyuma ya kaka: ningekuwa mdogo wenu wa tumbo moja, mngeniambia nipige magoti nicheze, au nibaki nimesimama na timu iende bila mimi? Nijibuni kabla ya Jumapili. Nitasoma yote, hata kama sitaweza kujibu.