Misemo yangu ya Kiingereza ilivyonipeleka palizi siku ya posa, Bariadi

Wakuu, habari za humu ndani. Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache.

Haya ni ya kweli tupu. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila neno.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana pale Bariadi. Ugonjwa wangu ulikuwa misemo ya Kiingereza. Niliiandika kwenye daftari, na kila siku lazima nitumie mmoja. Hata nikienda kununua chumvi, "better late than never!", yaani kawia ufike. Mwenye duka ananijibu "haya mwalimu," ananipimia.

Nikampenda Minza, binti wa mkulima wa pamba. Siku ya posa nikaenda na mjomba kama mshenga. Kwetu mchumba anakaa kimya, mshenga ndiye anaongea. Mjomba alinionya njia nzima.

Mdomo huu jamani!

Mjomba yuko katikati ya kunisifia uchapakazi, nikadakia: "Baba, actions speak louder than words!"

Mjomba akafumba macho.

Mzee, baba yake Minza, akauliza, "Ng'wanawane, mwanangu, maana yake nini?"

Nikajifaragua: "Mtu apimwe kwa matendo, siyo maneno."

"Safi sana. Basi mshenga apumzike. Kesho asubuhi njoo shambani tukupime, ndipo nitajibu."

Wakuu, mimi jembe nilizoea kulichora ubaoni!

Asubuhi, baada ya kusalimiana "mwangaluka" ya Kisukuma, nikapewa jembe na mistari ya pamba isiyoisha. Kufika saa nne viganja vyote malengelenge. Nikamwambia mzee huku nahema, "Rome was not built in a day." Akataka maana, nikamweleza kwamba kazi kubwa haiishi siku moja.

"Kumbe! Basi na kesho uje."

Nililima siku tatu. Minza akileta maji anageukia pembeni kucheka. Iliniuma, ila nilijua nikitoroka nimemkosa, na nilimtaka kweli.

Jioni ya tatu mzee akaja kukagua. Nilisimama tu, mikono nimeifunga matambara, Kiingereza chote kimekauka.

Akatazama mistari. Akatazama mikono.

"Leo ndiyo umeongea," akasema. "Mwiteni mshenga."

Funzo: mdomo uliponza kichwa, na kwangu uliponza mpaka mgongo. Ukweni nenda na mshenga, kisha mwache afanye kazi yake.

Wewe ulijiponza wapi kwa kujifanya msomi? Funguka hapa chini.

NB: Mke anasema niongeze kwamba mistari miwili alinilimia yeye, baba yake akiwa hayupo. Haya, nimeongeza.