Tulivyohamishiwa Upande wa Vyoo

Mama mkwe wangu alikuja Stockholm mara moja tu maishani mwake, kiangazi kimoja katikati ya miaka ya elfu mbili. Hakutaka kuona ikulu ya mfalme wala makumbusho. Mume wangu alikuwa amemsimulia kwenye simu kwamba huku watu wenye nyumba nzuri hufunga milango wakati wa likizo, na kwenda kulala ndani ya magari porini kwa hiari yao. Mama, akiwa kwake Kigoma, alikataa kabisa kuamini. "Hilo mpaka nilione," alisema.

Basi mume wangu, ambaye ni fundi wa mabasi, akaazima husbil ya mfanyakazi mwenzake anayekaa Spånga. Lilikuwa gari jeupe, refu, lenye vitanda, jiko la gesi na choo humohumo. Aliliegesha mbele ya ghorofa letu Norsborg na kulisugua kana kwamba anakwenda kuchumbia. Mimi ndiye niliyepiga simu kuweka nafasi kwenye kambi ya magari ya aina hiyo. Niliomba sehemu iliyo karibu na ziwa, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua mama, na nikapewa.

Mahali penyewe palikuwa hifadhi ya mazingira, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini. Zamani palichimbwa mchanga, na mchanga huo ulibaki: vilima vyeupe vitupu, misonobari michache iliyokondeana, na ziwa chini yake. Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, hata majani yaliyokuwepo yalikauka. Mama alishuka, akavua viatu, akakanyaga.

"Kumbe na wao wana jangwa!" alisema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Jirani yetu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mbwa mdogo. Alimwonyesha mume wangu pa kuchomeka waya wa umeme, akampa binti yetu mpira wa kuchezea. Nilimpenda. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini niliumia vile. Mchana ule yeye na mkewe walikula samaki waliokaushwa kwa moshi, na harufu ikatufikia sote. Hakuna aliyesema neno, na kwa nini aseme?

Jioni mama akatoa dagaa aliokuja nao kwenye sanduku lake. Akawakaanga nje, kwenye jiko la gesi, kwa kitunguu na nyanya na pilipili, akiimba taratibu. Mke wa jirani akainuka kwenye kiti chake, akaingia kwenye gari lao, na nikasikia madirisha yakifungwa, moja baada ya jingine. Nikajiambia labda ni mbu.

Asubuhi akaja msimamizi wa kambi, mwanamke mmoja mwenye baiskeli, na tabasamu lililokwisha pangwa.

"Tumewapatia sehemu nzuri zaidi," alisema. "Kule nyuma. Mtakuwa huru kupika vyakula vyenu."

"Tuko huru hapahapa," nikamjibu. "Sehemu hii niliiomba mwenyewe."

"Kuna mgeni mmoja ana mzio."

"Mzio wa nini?"

Akaangalia vishikio vya baiskeli yake. "Wa harufu."

Nilikuwa nafungua kinywa, mume wangu akanitangulia. "Hakuna tatizo! Hakuna tatizo kabisa. Asante sana kwa kutufikiria."

Asante! Nilijua kule nyuma kuna nini, sote tulijua. Kila husbil ina kichombo chake cha choo chenye magurudumu, na tangu tufike wanaume walikuwa wakipita wakikivuta kama sanduku la safari, kwenda kukimwaga huko. Ndiyo sehemu nzuri tuliyopatiwa, sisi tunaosumbua watu kwa harufu.

Mama alikuwa anakunywa chai mlangoni. Maneno hakuyaelewa, ila aliona tunakunja viti.

"Kwa nini tunahama?" akauliza.

Kabla sijatafuta la kusema, binti yetu akajibu. Alikuwa na miaka kumi, mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili safi: "Kule kuna kivuli, bibi."

Hakuna aliyemfundisha. Katika mambo yote ya asubuhi ile, hilo ndilo lililonikata zaidi. Mwanangu wa miaka kumi alishajua jinsi ya kuwasitiri wanaotudharau.

Mume wangu akawasha gari, akageuza. Hakufika mbali. Magurudumu ya mbele yaliingia kwenye mchanga, akakanyaga mafuta, yakazidi kuzama. Akashuka, akatazama, akapanda tena, yakazama zaidi. Watu walikuwa wanakunywa kahawa mbele ya magari yao. Hawakucheka, hawakuinuka. Walitazama tu, vikombe mikononi. Na mume wangu, jasho likimtiririka, akawa anawatabasamia na kuinua mabega, kama anayeomba radhi kwa kuwaharibia mandhari.

Mama akaenda nyuma, akarudi na mfuniko wa sufuria. Akapiga yale magoti yake chini, mbele ya gurudumu, akaanza kuchimba.

"Mama, acha, tafadhali!" nikamwambia.

"Gari la watu hili," akasema bila kuinua kichwa. "Chimbeni."

Nikamgeukia mume wangu. "Acha kutabasamu!" nilipiga kelele kwa Kiswahili, kambi nzima ikasikia. "Mama yako yuko chini anachimba, nawe unawachekea! Acha!"

Ndipo jirani akaja na mbao mbili kwapani.

"Naweza kusaidia?" akauliza.

"Ni wewe mwenye mzio?" nikamuuliza kwa Kiswidi.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ni mke wangu. Yeye huwa... Hatukukusudia mhamishwe. Tuliuliza tu."

"Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee," nikamwambia. "Naogesha wazazi wenu. Nabadilisha nepi zao. Umewahi kusikia nimekwenda kulalamika kuhusu harufu?"

Alilaza zile mbao mchangani, akaondoka. Mume wangu akaziingiza chini ya magurudumu, na gari likatoka. Hata hizo mbao zilinikasirisha. Nilitamani tungetoka wenyewe.

"Geuza uelekee getini," nikasema.

"Mama hajaingia ziwani bado."

"Geuza."

Ofisini niliweka ufunguo wa bafu juu ya meza. Msimamizi akauliza kama kuna shida, mbona tunaondoka mapema. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Akasikiliza, akainamisha kichwa upande, akasema anasikitika kwamba nimejisikia hivyo. Si kwamba amekosa. Mimi ndiye niliyejisikia.

Tulipokaribia mji, mama akanigusa bega kutoka nyuma.

"Mwanangu, wale watu wametufukuza?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa dagaa wangu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani nimewaunguza hao dagaa," akasema.

Hakupika tena hadi aliporudi Kigoma. Nikimkaribisha jikoni alikuwa anasema amechoka, nipike mimi. Na mtu aliyejua kupika kama yule sijamwona tena. Miaka michache baadaye alifariki.

Mume wangu aliigeuza safari ile kuwa kichekesho. Kila tukikusanyika anaisimulia: Wakongo wanacheka, Wakenya wanacheka, Warundi wanacheka. Anaigiza gari linavyozama, anaigiza mama na mfuniko. Mara ya mwisho tulikuwa Fisksätra, kwenye ubarikio wa mtoto wa rafiki. Alipofika kwenye mchanga, nikasema kwa sauti, "Sasa malizia. Waambie ulimwambia yule msimamizi asante."

Mwenye nyumba akaanza kugawa soda.

Wakati wa kurudi nyumbani tulibadilisha treni Slussen. Hapo ndipo aliponiuliza, sauti chini, "Ulitaka nifanye nini? Nigombane mbele ya mama? Aone jinsi mwanawe anavyodharauliwa huku Ulaya, baada ya kumwambia miaka yote kwamba tunaishi vizuri?"

"Aliona," nikamjibu.

"Najua aliona." Alifuta uso kwa kiganja. "Unadhani mimi sijui?"

Ningeweza kumshika mkono. Wengine wangemshika. Nilikaa na mkoba wangu mapajani, nikiwa na hasira naye, na yule mwanamke wa madirisha, na msimamizi na baiskeli yake, na watu wote wale na vikombe vyao. Tulishuka Norsborg, akatangulia yeye, nikafuata nyuma mpaka mlangoni.