Nilijaza Maoni ya Mtoto Bila Kumuuliza Mtoto

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Shetani siku ile alikuwa na shughuli zake.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Mbeya. Alikuja ofisini dada mmoja wa Uyole, muuza viazi. Dada yake amefariki, amemwachia binti wa miaka tisa, naye anataka barua tu ya kumtambua kuwa mlezi. Kazi ya nusu saa!

Nikaenda kuiona nyumba, ndiyo taratibu. Nyumba safi, mtoto ananawiri, madaftari yana vema tupu. Lakini yule dada anaishi na mwanamke mwenzake, na mimi, loo, nikaanza kuhesabu vitanda. Kimoja cha mtoto, kimoja kikubwa. "Wasagaji hawa!" nikajisemea moyoni, huku nakunywa chai yao na kumalizia andazi la tatu.

Fomu ina sehemu ya maoni ya mtoto. Sikumuuliza hata jina la mwalimu wake. Niliandika mwenyewe: "Mtoto hataki kuishi na mlezi huyu." Nikagonga muhuri, jioni nikaenda kwaya kuimba habari za upendo. Mnafiki mkubwa mie!

Mtoto akapelekwa Rujewa kwa baba yake mkubwa, mwenye ndoa ya kanisani na picha ya harusi ukutani. Miezi mitatu baadaye nikaenda kufuatilia. Shule hakuna! Nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga anaamia ndege, sauti imemkauka kwa kuwapigia kelele kwelea.

Akaniamkia vizuri tu. Halafu akauliza, "Shangazi, hivi ni kweli nilisema simtaki mama mdogo? Baba mkubwa anasema imeandikwa. Mimi sikumbuki."

Jamani! Nililia pale pale, viatu vimezama kwenye tope.

Nilikiri kwa bosi wangu kwa maandishi. Nimeondolewa kwenye mashauri ya watoto, na nimejitakia. Mtoto tulimrudisha Uyole, nikamsindikiza mwenyewe. Mama yake mdogo alitoka mbio, kisha akasimama ghafla hatua mbili mbele yake.

"Unataka kuingia, mama, au hutaki?" akamuuliza.

Anaogopa kumkumbatia mwanawe bila ruhusa. Na aliyemtia woga huo ni mimi.

Wenzangu wenye mihuri, chuki zenu kaleni nazo ugali nyumbani kwenu. Fomu ikisema muulize mtoto, muulizeni mtoto!