Nta ya Kidosho

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaa mzima unamwita Hatamu, na nadhani hata ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake hatageuka. Kazi yake ni kuendesha gari la farasi. Hubeba mbao, mchanga, makabati ya watu wanaohama, chochote kisichobebeka mgongoni. Si mtu wa maneno. Mkikaa naye mezani mtamaliza chakula na habari zote za siku, naye atakuwa ametoa "naam" mbili na "naomba chumvi" moja. Lakini akishaingia bandani kwa farasi wake, bubu wetu huyo anafunguka mdomo hashikiki. Nimewahi kumsikia akimweleza yule mnyama, kwa kirefu, ni barabara zipi zimeharibika na lawama ni za nani.

Farasi mwenyewe anaitwa Kidosho. Nani alimpa jina hilo sijui, maana ni jike pana, mwenye kwato kama sahani na tabia ya kula visivyomhusu. Mimi ni fundi cherehani. Chumba ninachofanyia kazi dirisha lake linatazama uani, na kamba ya nguo inapita karibu na mlango wa banda. Wiki ya kwanza tu ya kuhamia kwa dada, Kidosho alitafuna mkono wa gauni la bibi harusi, gauni la watu, limebakiza kupigwa pasi. Tangu siku hiyo mimi na yeye tukawa tunasalimiana kwa mbali.

Kabla sijahamia, Kidosho alikuwa amezaa mtoto, mtoto akafa. Hakufa kwa ugonjwa. Mtoto wa farasi hutoka akiwa amefunikwa na ngozi nyembamba, nayo kwa kawaida hupasuka yenyewe. Ya huyu haikupasuka, ikamziba pua, na uani hakukuwa na mtu wa kuipasua. Dada alikuwa kazini, na Hatamu alikuwa ametoka kidogo tu, amekwenda kunywa chai na wenzake. Aliporudi alimkuta mama anamlamba mtoto aliyekwisha poa. Alimzika peke yake, akanawa, akaingia kulala jua likiwa bado linawaka. Dada anasema kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kunywa chai nje ya nyumba yake.

Mimba ya pili ilipoingia, Hatamu alitamka sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema kwa binadamu. "Safari hii nitakuwepo," alituambia. "Na huyu naye akifa mimi sipo, namuuza Kidosho, natafuta kazi ya kulinda geti."

"Utalindaje geti na wewe huwezi hata kuuliza mtu 'nani wewe'?" dada akamtania. Hakucheka. Tukajua hatanii.

Mimba ilipokomaa alimfungua Kidosho kwenye gari, akampumzisha kabisa, na yeye mwenyewe akaenda kupakia mbao yadi ili mkono uendelee kwenda kinywani. Kila jioni akirudi, kabla hajamsalimu mtu, aliingia bandani, akapiga magoti, akachungulia chini ya tumbo la farasi. Kisha akatoka na neno lake moja.

"Bado."

Kiwele kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa. Bado. Nyama za kiunoni zilikuwa zimelegea, tumbo limeshuka, Kidosho anatembea kama aliyebeba ndoo mbili za maji. Bado! Neno hilo lilifika mahali likaanza kunikera. Anachokitafuta nilikijua kwa kuwa nilimsikia dirishani akimweleza Kidosho mwenyewe: baba yake, aliyekuwa mtu wa farasi pia, alimfundisha kwamba farasi jike akikaribia kabisa kuzaa, matone ya manjano hukauka kwenye ncha za chuchu mfano wa nta ya mshumaa. "Usinifiche, mama," alikuwa akimbembeleza. "Ukitoa nta tu, siendi kazini." Dada hakuambiwa habari hiyo. Nani amwambie? Mumewe alikwisha kumwambia farasi, akaona yatosha.

Sasa dada yangu. Dada anafua nguo hospitalini, mashuka ya wagonjwa, na kazi imemwingia damuni. Hana simile na uchafu. Ukiacha kikombe mezani ukageuka, ukirudi kimeoshwa na chai yako imemwagwa. Basi alikuwa amejipangia: mahali mtoto atakaponyonya lazima pawe safi. Kila asubuhi mumewe akishatoka, na kila jioni kabla hajarudi, alichukua maji ya uvuguvugu na kitambaa laini akamwosha Kidosho kiwele. Kidosho alisimama kimya, anapenda. Mimi nilimwona akienda na beseni nikadhani anaosha ndoo za kunyweshea. Yeye naye hakutangaza, maana kwake ilikuwa kama kuosha sufuria.

Asubuhi hiyo Hatamu alikuwa amekwenda zake yadi, na mimi nimetoka uani kuanika nguo, nikamkuta dada anakamua kitambaa. Ukingoni mwa beseni kulikuwa na chembe za manjano, ngumu kidogo.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Aa, uchafu tu. Unamganda kwenye chuchu. Jana nimeutoa, juzi nimeutoa, unarudi palepale. Leo hata maziwa yanamdondoka, maskini."

Nguo ilinidondoka mkononi. "Dada! Hiyo ni nta!"

"Nta ya nini?"

"Ile mumeo anayoitafuta kila siku akipiga magoti! Akiiona anajua farasi anazaa. Wewe unaitoa, yeye anakuja anakuta pako safi, anasema bado!"

Dada alilitazama beseni, akalitazama banda, akaziba mdomo. "Yallah," akasema. "Nimemuua mtoto wa pili."

"Hujaua mtu. Nenda kaombe ruhusa kazini, mimi nampigia mumeo."

Akaondoka mbio na sare yake, beseni ameliacha katikati ya ua, jambo ambalo kwa dada halijawahi kutokea. Mimi nikaipigia simu ya Hatamu, nikaisikia ikilia chumbani, chini ya mto. Nikapiga ofisi ya yadi. Karani akapokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi.

"Hatamu yuko upande wa msumeno," akasema. "Kule hasikii mtu."

"Mshike bega basi!"

"Dada, mimi nina kazi."

"Na mimi nina farasi anayezaa, na nikikata simu hii nakuja huko huko nikuelezee mbele ya bosi wako! Mwambie shemeji yake anasema nta imetoka. Sema hivyo hivyo. Nta imetoka."

Sijui ni ukali wangu au ni neno lenyewe, nilimsikia akiweka mkono wa simu chini na viatu vyake vikikimbia.

Nilipogeuka, Kidosho alikuwa amelowa jasho shingoni na mbavuni na ilhali jua halijakaza. Alizunguka bandani, akainama kunusa majani, akajitazama ubavuni. Mimi nilikaa mlangoni juu ya ndoo niliyoipindua, nimeshika taulo, kwa sababu katika hadithi zote za uzazi nilizosikia huwa kuna mtu ameshika taulo. Nikamwambia, "Kidosho, yale mambo ya gauni nimeshasamehe. Subiri mumewe dada tafadhali." Hapo hapo chupa ikapasuka, maji yakamwagika chini kama mtu aliyemwaga ndoo, naye akajitupa ubavu. Na akalala vibaya: makalio yake yamebana ukutani kabisa. Hata mimi nisiyejua lolote niliona kwamba mtoto hana pa kutokea.

Nikasikia lori limesimama barabarani, na geti likalia. Halafu kimya. Nikangoja. Kimya! Nikachungulia, nikamwona Hatamu amesimama getini na vumbi la mbao nywele nzima, mikono imening'inia, haendi mbele wala nyuma.

"Wewe mwanamume!" nikampigia kelele. "Unangoja kadi ya mwaliko? Ingia kabla sijakutoa hizo nywele!"

Akaingia. Alipomwona mnyama amebana ukutani, uso ulibadilika, akawa mtu mwenye kazi. "Shemeji, tumwinue. Shika kamba, mvute kichwa taratibu. Usipige kelele tena."

Mimi, niliyekuwa namsalimu Kidosho kwa mbali, nikaingia miguuni pake nikashika kamba. Hatamu alimsukuma begani, anamnong'oneza, "Simama, mama, simama, tusogee kidogo tu." Kidosho akakoroma, akakusanya miguu, akanyanyuka na uzito wake wote huku kwato moja ya mtoto ikionekana tayari. Tukamzungusha. Akageuka, akalala tena, safari hii katikati ya majani, na nyuma yake kuna nafasi tele.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Kwato ya pili ikajitokeza nyuma kidogo ya ile ya kwanza, kisha pua ndogo imelala juu ya magoti. Hatamu akashusha pumzi na kusema amekaa sawa. Hakumvuta. Kidosho akajikaza, akapumzika, akajikaza, mabega yakapita, halafu mwili mzima ukateleza chini. Na ile ngozi ilikuwa imemfunika kichwa, nyeupe, nzito, haijapasuka.

Vidole vya shemeji vilikwenda moja kwa moja puani, vikaichana ngozi, vikaivuta nyuma ya masikio, vikafuta ute. Mtoto hakutikisika. "Taulo," akasema, nami nikalitupa, akamsugua kifua na mbavu kwa nguvu hadi nikadhani atamchubua. "Haya, mwanangu. Haya. Haya." Alisema neno hilo sijui mara ngapi.

Mtoto akapiga chafya.

Akapiga nyingine, akatikisa masikio yaliyolowa, akavuta hewa hadi mbavu zikafunguka. Kidosho akageuza kichwa, akatoa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na mimi nikakaa juu ya majani machafu na sketi yangu nzuri. Niliona mzigo mzima unanitoka mabegani.

Hatukumgusa tena. Kitovu kilikatika chenyewe mama aliponyanyuka, Hatamu akakipaka dawa. Mtoto alijaribu kusimama akaanguka kwa pua, akajaribu tena akaanguka kwa makalio, akasimama na miguu imetawanyika pande zote kama meza mbovu. Akanyonya goti la mama yake. Akanyonya ukuta. Mwisho akafika kwenye kiwele, na tukasikia anavyomeza. Baadaye kondo la nyuma nalo likatoka, Hatamu akalitandaza chini akalikagua, likawa zima, hakuna kilichobaki tumboni.

Dada alifika akihema, ruhusa imepatikana kwa kuchelewa. Alisimama mlangoni, akamwona mtoto ananyonya, machozi yakaanza kumtoka. "Mzee wangu," akasema, "ni mimi niliyekuwa naitoa hiyo nta. Sikujua. Nilitaka tu pawe safi."

"Ananyonya," Hatamu akasema.

"Nasema mimi ndiye niliyekupoteza..."

"Na pako safi," akasema. "Wewe tazama anavyonyonya."

Dada akakaa kando yake kwenye majani, hakuyatazama mara mbili. Kisha Hatamu, macho yake kwa mtoto, akaanza kuongea, na alikuwa anaongea na sisi.

"Pale getini niliogopa. Miguu ilikataa. Nilijua nikiingia nitakuta kama mwaka jana, nikasema afadhali nisione. Kama shemeji asingenitukana ningekuwa bado nimesimama pale, na huyu angekufa mimi nikiwa nyumbani kwangu." Akabandua jani lililonata mkononi. "Mwaka mzima nimejiambia sikuwepo. Leo nimekuwepo na nusura nisiingie."

"Lakini uliingia," dada akasema.

"Niliingia," akasema Hatamu, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. "Niliingia, ee?"

Nikamwambia akihitaji kutukanwa tena mimi nipo, kila siku, saa yoyote. Akacheka, mabega yakatikisika, na kicheko kikageuka kilio bila yeye kujificha uso. Dada akamshika mkono wenye damu na ute, akaukumbatia kwenye sare yake safi.