Kidole Gumba cha Fundi wa Tulia

Fundi wa baiskeli wa soko la Tulia amefariki, na Jumamosi iliyopita tulimzika kwa heshima zote ambazo hatukuwahi kumpa akiwa hai. Mheshimiwa mmoja, ambaye zamani aliamuru kibanda cha fundi huyo kivunjwe kwa kuwa gitaa lake lilikuwa "linachafua soko", alisimama akamwita hazina ya wilaya. Tulipiga makofi, maana sisi ni watu wenye adabu. Nanyi wasomaji wangu mnamfahamu marehemu. Ndiye yule ambaye mwaka nenda mwaka rudi nimejigamba katika safu hii kwamba alinifundisha gitaa. Leo nalazimika kuungama.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Matinyani, kijana mwenye cheti, shati jeupe na imani kwamba hakuna jambo lisiloingia kwenye daftari. Nilinunua gitaa, nikawa namwendea fundi kila nikitoka shuleni. Yeye alipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, huku cha shahada kikidonoa wimbo kwenye zile nyembamba, na ukifumba macho ungeapa ni watu wawili. Mimi nilitaka wimbo. Yeye alichukua kamba ya mkonge akanifunga vidole vinne pamoja, akaniachia gumba peke yake. Uzi mnene, uzi wa kati, uzi mnene, uzi wa kati, mwezi mzima, kisha wa pili. Nikaona msomi hafundishwi hivyo. Nikachora nyuzi zote sita kwa rula na kuzipa namba kwa wino mwekundu. Aliitazama kazi yangu huku akipangusa grisi mikononi.

"Aka, Mwalimu! Hii umeandika vizuri sana," akasema. "Lakini mkono haijui kusoma. Rudia."

Mwezi wa tatu alisikiliza kwa muda, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa kidole imeanza kusikia. Wiki ijayo tunahama." Alikuwa na maana kwamba wimbo hufika mahali ukageuka, na hapo gumba huacha nyuzi zake na kuhamia nyingine. Lakini wiki hiyohiyo nilipandishwa cheo, nikawa naibu wa mwalimu mkuu. Je, naibu wa mwalimu mkuu aonekane ameketi juu ya kreti ya soda katikati ya minyororo ya baiskeli, vidole vimefungwa kama miguu ya kuku wa kuuzwa? Sikurudi. Gitaa nikalitundika sebuleni, na mgeni akiuliza, nilimjibu kwamba mimi ni mwanafunzi wa yule bingwa wa Tulia. Haukuwa uongo. Ilikuwa robo ya ukweli, kipimo ambacho sisi watu wa magazeti tumekizoea.

Basi siku mbili kabla ya mazishi, binti yake, fundi cherehani hapo sokoni, alibisha hodi kwangu akiwa amebeba gitaa la babake.

"Mwalimu, mimi husoma gazeti," akasema. "Baba alituambia tusimzike bila ile wimbo yake. Mimi najua juu peke yake. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nacheza juu, yeye anacheza chini. Hiyo ya chini sikujifunza. Ilikuwa tu iko."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mdomo ukasema, "Bila shaka, mwanangu." Alipotaka tufanye mazoezi, nikamwambia sisi wakongwe hatuhitaji mazoezi.

Tukaketi kando ya kaburi, yeye na gitaa la babake, mimi na pambo langu la sebuleni. Nawaapia, kidole gumba kilikumbuka. Kilitembea kana kwamba jana tu kilikuwa kibandani, naye binti akadonoa wimbo juu yake, na watu wakanyamaza, hata mheshimiwa. Nikaanza kujiona. Kisha wimbo ukafika pale pa kuhama.

Kidole kilisimama. Sikujua kiende wapi. Binti alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akaendelea peke yake, sauti nyembamba isiyo na kitu chini yake. Hakuna aliyecheka, ingawa ningefurahi wangenicheka. Mjane, aliyekuwa amejikaza wiki nzima, akalia kwa sauti.

Baadaye nilimfuata binti nikamwambia yote: miezi mitatu, kreti, cheo. Nikamwomba msamaha. Alikuwa akifunga gitaa kwa leso.

"Hakuna shida, Mwalimu," akasema. "Ni vile sasa hakuna mtu mwingine anaijua."

Nimejaza safu hii kwa miaka mingi nikililia mambo yetu yanayopotea, na kila mara nimempata wa kulaumiwa: serikali, redio, vijana, vinanda vya umeme vinavyojipiga vyenyewe harusini. Funzo la leo ni fupi na silipendi. Wimbo huu nimeupoteza mimi, kwa kukosa kwenda Tulia wiki moja zaidi.