Nilisema Mia Moja

Kazi yangu ni uamuzi wa mchezo wa vishale. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mama mkwe alicheka siku ya kwanza kuniona, akamuuliza binti yake kama kweli mtu mzima na akili zake analipwa kwa kusimama kando ya ubao na kupiga kelele. Nimelipwa kwa miaka ishirini na miwili sasa, na kelele hizo zimesomesha watoto wawili.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mchezaji anaanza na alama mia tano na moja. Anarusha vishale vitatu, mimi natangaza alichopata, karani anakiondoa kwenye hesabu, na anayefika sifuri kwanza ndiye mshindi. Ubao una pete mbili nyembamba: ya ndani inazidisha alama mara tatu, ya nje mara mbili, na kishale cha kumalizia lazima kiingie kwenye hiyo ya nje. Kabla karani hajainua kalamu, mimi kichwani nimeshamaliza kutoa. Ndiyo maana wakaniita Mashine. Nalipenda jina hilo kuliko alilonipa baba yangu, na nadhani ubaya wangu ulianzia hapo.

Siku ya fainali niliamka alfajiri, nikasukutua koo kwa maji ya uvuguvugu, nikanyoa, nikasimama mbele ya kioo nikitaja namba kwa sauti ya chini. Mke wangu alikuwa akinipigia pasi shati jeupe.

"Bwana harusi," alisema, "huyo mke mwenzangu anakusubiri saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Umwambie shati hili nimelipiga pasi mimi."

Nilifika ukumbini kabla ya watu. Nilipima kimo cha ubao kutoka sakafuni, nikapima umbali hadi mstari wa kurushia, nikarudia vyote viwili. Mwenyekiti wa chama hunitania kwamba siku moja nitapima hata viti vya watazamaji. Mwache ataniwe yeye kwa tumbo lake. Mimi na futi yangu hatujawahi kugombana na mtu.

Michezo ya asubuhi ilikwenda vizuri, ila kuna jambo moja. Mwamuzi husimama ubavuni mwa ubao, na ukiwa ubavuni, manyoya ya kishale kimoja yanaweza kuficha ncha ya kingine. Dawa yake ni rahisi: unapiga hatua mbele, unainama, unatazama. Zamani nilikuwa nainama mara moja moja. Mwaka huu nimekuwa nikiinama kila baada ya muda mfupi. Asubuhi hiyo niliinama kutazama vishale vya mchezaji mmoja, mwoka mikate, bonge la mtu mwenye mdomo mpana, naye akasubiri hadi pua yangu ilipokaribia ubao kisha akapaza sauti:

"Mwamuzi, taratibu! Huo ubao una mwenyewe, mbona unataka kuubusu?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata karani aliinamisha kichwa ili nisimwone. Nilitabasamu kama mtu muungwana, lakini moyoni nilifura. Nikajiapia kwamba leo siinami tena. Yaani mtu mwenye wajukuu, kwa maneno ya mwoka mikate!

Fainali ilianza saa tisa mchana. Upande mmoja alikuwa fundi bomba, kijana mpole mwenye mikono kama koleo. Upande wa pili alikuwa dada mmoja muuguzi, wa wodi ya watoto, ambaye alikuwa ameshafika fainali mara mbili na kushindwa zote mbili. Mshindi angekwenda mashindano ya nje ya nchi. Muuguzi alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala kwa muda wa saa tatu tu, na sijawahi kuona mkono uliotulia kama ule.

Wakafungana hadi mchezo wa mwisho. Fundi akabakiwa na thelathini na mbili. Muuguzi akabakiwa na mia moja na themanini.

Alirusha cha kwanza: ishirini mara tatu, sitini. Alirusha cha pili, kikapita chini ya manyoya ya cha kwanza na kuganda hapo, kimoja kikiwa kimemlalia mwenzake. Cha tatu kikaingia ishirini ya kawaida, hilo halikuwa na ubishi. Cha pili ndicho ambacho sikuiona ncha yake. Nilichoona ni kiwiliwili chake tu, na kutokana na kilivyoinama nikakadiria kimeingia chini ya pete. Hatua moja tu ingetosha. Nilihisi mguu wangu ukitaka kwenda, nikamwona na mwoka mikate mstari wa mbele, amekunja mikono na anangoja. Mguu nikauzuia.

"Mia moja!" nikatangaza.

Muuguzi hakusogea. Alinitazama, akatazama ubao.

"Mia moja, mwamuzi?"

"Mia moja," nikasema kwa ile sauti yangu ambayo haibishiwi.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchomoa vishale vyake. Alipochomoa cha pili nilikuwa natazama, na niliona wazi ncha ikitoka ndani ya pete nyekundu. Sitini nyingine. Alikuwa amepata mia moja arobaini. Alipaswa kubakiwa na arobaini, nami nilimwachia themanini.

Kanuni yetu inasema mchezaji akishachomoa vishale hana tena haki ya kulalamika. Lakini mwamuzi ana haki ya kujisahihisha hadi mpinzani arushe. Fundi bomba alikuwa hata hajafika mstarini; alikuwa akijipangusa mikono kwenye suruali. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, "Samahani, nimekosea." Maneno mawili. Yalinifika kooni, nikayameza. Fundi akasimama mstarini, akarusha, na muda wangu ukaisha.

Fundi alikosa vyote vitatu. Muuguzi akarudi. Kama angekuwa na arobaini yake, angekuwa na vishale vitatu vya kulenga ishirini mara mbili. Badala yake alitumia viwili kushuka hadi arobaini, akabaki na kimoja. Kilipita nje ya waya kwa unene wa ukucha. Fundi akamaliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikatangaza ushindi wake kwa sauti nzuri kabisa.

Muuguzi alimpongeza fundi, kisha akaja kwangu na mkono ameunyoosha.

"Asante, mzee. Unisamehe kwa kukuuliza pale."

Nikaupokea mkono wake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenyekiti akaniletea fomu ya taarifa ya mchezo, yenye mahali pa kuandika kama kulikuwa na hitilafu. Nikaishika kalamu, nikaiweka chini, nikasema nakwenda kuvuta hewa. Nilikuwa nakimbia, tena nakimbia fomu.

Nje, kwenye ngazi, nikamkuta ameketi peke yake, amevua viatu. Nilitaka kurudi ndani lakini alikuwa ameshaniona.

"Kaa, mzee. Na wewe umesimama kutwa."

Nikakaa. Nikasema jambo la kipuuzi kuhusu bahati.

"Bahati haihusiki," alisema. "Niliona kile kishale kimeingia kwenye pete. Niliona kabisa, kama ninavyokuona wewe. Halafu ukasema mia moja, nikaenda kukichomoa kwa haraka, nikiogopa hata kukitazama. Wewe hukosei. Kwa hiyo ni macho yangu."

"Umechoka tu."

"Ndilo linaloniogopesha. Kule wodini napima dawa ya watoto kwa sindano, kwa vistari vidogo kuliko waya wa ubao ule. Nikivuka kistari kimoja, mtoto wa watu ananifia mikononi. Jumatatu nitaomba wanihamishe. Nikakae mapokezi, niandike majina."

Alilisema hilo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kata shauri. Miaka kumi na minne wodini, aliniambia. 

"Macho yako hayana kitu," nikasema. "Ilikuwa mia moja arobaini."

Akageuka.

"Nani kakwambia?"

"Niliona ulipokichomoa."

 Ndani watu walikuwa wakimpigia fundi makofi.

"Kabla hajarusha?"

"Kabla. Alikuwa bado anajipangusa mikono."

"Na sababu?"

Nikamwambia kuhusu mwoka mikate. Kusikia jambo hilo likitoka mdomoni mwangu kulikuwa kubaya kuliko kulitenda. Nilijiona mdogo, mzee mzima niliyemvunja mtu moyo nisije nikachekwa. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru.

Alivaa kiatu kimoja, akafunga kamba, akavaa cha pili.

"Sikuulizi tena habari yangu," alisema. "Mwaka huu, wengine ni wangapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba hakuna, ni yeye tu. Nikazikumbuka zile mara zote nilizoona haya kuinama nikakadiria, wachezaji walionitazama na kuitikia kwa kichwa, na jinsi nilivyogeukia upande mwingine walipokuwa wakichomoa.

"Sijui," nikasema.

Alisimama, akanishika kiwiko kama wanavyoshikwa wagonjwa wasiojiweza, akanisaidia kuinuka.

"Haya baba, twende," alisema. "Ukamwambie mwenyekiti hivyo hivyo."

Miguu yangu ilikuwa mizima kabisa, lakini sikuwa na uso wa kumwambia aniachie. Tukaingia.