Isale Kando ya Jiwe

Fundi wa umeme wa jua hupanda nasi wapagazi Mlima Meru kila msimu wa watalii, na sweta lake la mtumba lililotoboka viwikoni. Tukifika uwanda wa juu, kwanza hufuta barafu kwenye paneli za kambi kwa kiganja kitupu, polepole, kama anayepangusa uso wa mgonjwa. Kisha hutoa begini mche wa isale, jani letu sisi Wachaga la kuombea msamaha, na kuupanda kando ya jiwe alipofia mdogo wake akibeba betri.

“Fundi, isale halishiki huku,” nilimwambia safari hii. “Baridi inaliua kila mara.”

“Najua.” Akaushindilia udongo kwa kidole gumba. “Aliniambia ana homa, nikamwambia panda tu. Siku akinisamehe, litashika.”